Shangazi Aliyetufundisha Kujibu Salamu

Alhamisi hii, tarehe thelathini na moja, Mratibu wetu wa Uhamasishaji anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi katika umoja huu wa raia wanaodai sheria ya matibabu kwa kila mtu, kwa gharama ya hazina ya taifa. Jina lake kamili mtalisikia likisomwa kwenye cheti atakachokabidhiwa na Mwenyekiti. Humu ndani nitamwita kama anavyoitwa na ofisi nzima, na walinzi wa Bunge, na wabunge wenyewe, wakiwamo wale wenye umri wa kumzaa. Shangazi.

Kamati ya maandalizi iliniomba niandike ukurasa mmoja, tena wa heshima. Heshima nitajitahidi. Ukurasa mmoja hauwezekani, na aliyepanga hivyo bila shaka hajawahi kukaa meza ya jirani na Shangazi. Mimi, msemaji wa ofisi, nimekaa hapo tangu nikiwa na nywele. Kati ya meza yake na yangu kuna kabati la mafaili ambalo halijawahi kuzuia hata neno moja, kwa hiyo mengi ya haya nimeyasikia kwa masikio yangu. Pale niliposimuliwa, nitasema nilisimuliwa.

Alikuja kwetu akitokea hospitali kubwa ya mjini, ambako alikuwa opereta wa simu. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, na kila aliyepanda juu alimkanyagia kichwani, kwa namna ya kusema. Watu walipiga kutoka kila upande wakiuliza jambo lile lile: wakija mikono mitupu watapokelewa? Naye, kwa maagizo ya wakubwa, alitakiwa kuwaunganisha na chumba cha uhasibu, basi. Hiyo kazi aliifanya kwa miaka huku nafsi ikimsuta. Kisha siku moja mama mmoja akamshukuru kwa kumuunganisha, akamwombea na baraka, akidhani ameshasaidiwa. Shangazi husema matusi ya kwenye simu angeyazoea, lakini kushukuriwa kwa kitu ambacho hukutoa hakuzoeleki. Mwisho wa mwezi ule aliaga.

Umoja wetu wakati huo ulikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo. Chini walikata vioo kutwa nzima, na mlio wake uliingia mpaka kwenye meno. Mkurugenzi wa kwanza alimwajiri kwa sababu ya sauti. Wote mnaijua sauti yenyewe: imekaa chini, haina haraka, na hata ukimjia umevimba unajikuta unashusha ya kwako. Kazi aliyopewa ilikuwa kuwapigia wabunge na kuwaomba waunge mkono muswada ambao, kusema kweli, hatukuwa hata na rasimu yake. Alipewa simu, orodha ya namba ambazo nusu yake zilikuwa zimekatwa, na kiti kilichokuwa kikiyumba mguu.

Kisa cha jina lake kila mtu anakisimulia kivyake. Mimi nilisimuliwa na mlinzi mwenyewe wa lango la Bunge, naye hana sababu ya kutia chumvi. Shangazi alikuwa amefika langoni mara kadhaa kumtafuta mbunge mmoja mzito wa kamati ya fedha, na kila mara aliambiwa mheshimiwa yuko kikaoni. Siku hiyo akamwambia mlinzi, kwa sauti ile ile ya kwenye simu, apeleke ujumbe kwamba shangazi yake mheshimiwa amesimama langoni, juani. Basi mlinzi gani ana ubavu wa kumrudisha shangazi wa mtu? Ukimrudisha shangazi, ukoo mzima utakuuliza.

Mheshimiwa alishuka ngazi mbio akifunga vifungo vya koti, akatazama huku na huku, asimwone mzee yeyote. Alichoona ni mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimzidi kwa miaka si haba. Shangazi alimwamkia shikamoo kama inavyompasa mdogo, kisha akamweleza kwamba ushangazi ni nafasi, hauhesabiwi kwa mvi, na kwamba baba zetu wengi wana dada zao wadogo. Mlinzi anasema mheshimiwa alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. Kuhusu matibabu kwa wote hakukubaliana naye hata kidogo, lakini alimpa namba ya simu ya mezani kwake. Tangu siku hiyo, kila mbunge kwake akawa mpwa.

Sasa nifike kwenye utaratibu wake wa kazi, ambao wahasibu wetu watatu waliopita waliulalamikia kwa maandishi. Shangazi hakuwahi kumwomba mtu jambo katika simu ya kwanza. Simu ya kwanza ilikuwa ya salamu. Ya pili pia. Alimuuliza mpwa habari za nyumbani, habari za jimbo, mtoto aliyekuwa na mtihani amefanyaje, goti la mama limepoa? Akishajibiwa aliaga. Wahasibu walishika kichwa: dakika zote hizo, na neno muswada halijatajwa. Alikuwa akiwapigia hata waliopoteza viti. Mbunge akishaanguka kwenye uchaguzi simu yake hunyamaza ghafla kama amefiwa, lakini ya Shangazi iliendelea kulia kila baada ya wiki chache, anajulia hali tu. Wengine walirudi bungeni uchaguzi uliofuata, na hawakuhitaji kukumbushwa ni nani aliyekuwa akiwauliza habari za goti.

Nilimwambia wakati fulani kwamba anapoteza muda. Alinijibu kwamba mimi ninaandika taarifa kwa vyombo vya habari zinazosomwa na mimi mwenyewe, kwa hiyo suala la kupoteza muda tuliache. Nililiacha.

Kazi nyingine aliyoibuni ni benchi. Alimwalika mbunge mmoja mmoja kuja kukaa asubuhi moja kwenye benchi la wagonjwa wa nje, katika kliniki yoyote ya jimboni kwake. Hakuna hotuba, kamera wala bango. Akae tu pale watu wanapokaa, asogee wanaposogea. Wengi walikataa. Waliokubali walikuja wakiwa wamebana nyuso, na karibu wote waliondoka wameacha kitu pale, koti, kalamu au ile sura ya mwanzo.

Kwenye benchi ndiko lilikotokea kosa ambalo Shangazi alitaka nisiliandike. Nimemheshimu kwa mengi, hili hapana.

Ilikuwa Jumamosi. Mbunge aliyesubiriwa alikuwa bado kijana kisiasa, na alikuja moja kwa moja kutoka shambani kwake, shati limefifia, kofia ya jua kichwani. Dereva wake, ambaye ni mtu wa nidhamu, alikuwa amevaa suti na tai kama anavyovaa kila siku ya kazi. Gari likasimama, wote wawili wakashuka. Shangazi akamshika mkono mwenye tai, akamwita mpwa, akampeleka ndani akimsimulia habari za kliniki, akamkalisha katikati ya benchi baina ya mama mwenye mtoto na mzee mwenye mguu uliovimba. Mwenye kofia alibaki nje akiambiwa na mhudumu asogeze gari lisizibe njia.

Dereva alijaribu kujieleza. Aliwaambia walioketi karibu naye kwamba yeye ni dereva tu. Watu wakatazamana, wakakubaliana kwamba hawajapata kuona mheshimiwa mnyenyekevu kiasi hicho. Kadiri alivyosisitiza, ndivyo walivyozidi kumpenda. Walimweleza kila kitu: dawa zilizokosekana, safari za kurudishwa, shemeji aliyekatisha matibabu ili watoto wale. Mzee wa mguu alimshika bega na kumwambia kwamba viongozi kama yeye wakiongezeka nchi itapona. Dereva akaacha kubisha. Alituambia baadaye kwamba alifika mahali akaona kumkatalia mzee yule ni ukatili, basi akasikiliza tu, kwa niaba ya mwenye kazi.

Shangazi alipogundua, ambapo jua lilikuwa limeshakolea, alitoka nje akamkuta mheshimiwa amekaa kwenye boneti ya gari, hasira zimempanda mpaka kwenye kofia. Mtu mwingine angepiga magoti. Shangazi alimwomba radhi mara moja, ya kutosha, halafu akamwambia kwamba dereva wake yuko katikati ya foleni na haitakuwa vizuri kumtoa, kwa hiyo bora naye aingie kivulini amsubiri. Mheshimiwa akaingia. Nafasi iliyokuwapo ilikuwa mwisho wa benchi, kwa hiyo akakaa hapo, na hakuna aliyemjua, na hakuna aliyemsimulia chochote kwa kumpamba. Alisikia watu wakiongea kama wanavyoongea wasipokuwa na mgeni. Mheshimiwa huyo, tuliyembandika jina la Wa Kofia, miaka baadaye ndiye aliyekuja kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Afya ya Bunge.

Naomba sasa niseme jambo ambalo wengi wenu mlilijua juzi juzi tu. Mumewe Shangazi, ambaye wote tunamwita Fundi, ni seremala. Meza tunazoandikia ni zake, na kile kiti cha kuyumba mguu alikitengeneza wiki ya kwanza mkewe alipoanza kazi, akarudi na randa yake bila kupokea hata asante ya chai. Miaka kadhaa iliyopita figo zake zilichoka. Tangu hapo, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakwenda kliniki kusafishwa damu kwa mashine, anakaa kwenye kiti cha mashine saa nyingi, anarudi nyumbani hana nguvu hata ya kushika gazeti. Siku zinazobaki anafanya kazi karakanani na wenzake. Ndiyo maana sherehe hii imewekwa Alhamisi, ili naye aweze kukaa mbele.

Matibabu hayo yalilipiwa na bima ya ofisi, kwa sababu yeye ni mume wa mfanyakazi. Yaani kwa mkataba ule, damu ya Fundi ilisafishwa kwa kuwa mkewe ameajiriwa. Siku Shangazi atakapostaafu, bima inakoma. Bodi ilitaka kumwongezea muda wa kazi, na Shangazi alisema angekubali bila haya, maana yeye si malaika. Lakini kampuni ya bima ilijibu kwamba mwenye umri wake hawampokei tena, awe na mkataba au asiwe nao. Daktari wa Fundi alikuwa ameshatueleza, kwa upole na bila kuzunguka, kwamba mtu wa hali yake akikosa mashine hana muda mrefu. Hayo yote Shangazi aliyajua mwaka mzima, na kila asubuhi alifika, akavua viatu vya njiani, akavaa vya ofisini, akainua simu na kuuliza watu habari za kwao.

Katika mwaka huo huo ndipo muswada wetu ulipofika hatua ambayo hatujawahi kuifikia. Tuliitwa kwenye chumba cha kamati, Shangazi na mimi. Wa Kofia alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti, wajumbe wake pembeni, kofia haipo, mvi zimeanza. Alituagizia chai. Halafu akatuwekea mezani pendekezo: muswada unaweza kupita wiki ile ile, kura zipo, ila kwa kuanzia uwahusu walioajiriwa na wastaafu, pamoja na familia zao. Waliobaki, yaani wakulima, wachuuzi, mafundi, madobi, mama wa nyumbani, wangeingia awamu ya pili. Niliuliza awamu ya pili ni lini. Akatazama dirisha.

Mimi ningekubali. Nasema wazi na sioni aibu. Nilipiga hesabu ya haraka kichwani: wastaafu na familia zao. Fundi yumo. Nilimtazama Shangazi, na nilijua naye ameshaona. Hakuna mwingine chumbani mle aliyejua.

Aliomba ruhusa akapige simu. Nilimfuata ukumbini, nikasimama kando kama mtu anayesoma tangazo la ukutani. Ilikuwa Alhamisi, Fundi yuko karakanani, na msumeno ulisikika mpaka kwangu kabla hajauzima. Walisalimiana, kama kawaida yao, kama hawakuachana asubuhi. Kisha akamweleza lile pendekezo lote, hakuficha upande wowote. Alichojibu Fundi nilikisikia kwa sababu ana tabia ya kupayuka kwenye simu, akidhani umbali unahitaji nguvu. Alimwambia mkewe kwamba karakanani wako watu watano, na yule anayepiga vanishi kifua chake kinakoroma kama pasi ya mkaa. Asimletee sheria ambayo yeye Fundi ataingia nayo hospitali na mwenzake abaki mlangoni amshikie koti. Akaongeza kwamba anaogopa, asije akadhani haogopi. Shangazi alisema anajua. Wakaagana, msumeno ukarudi.

Aliporudi chumbani alikaa, akamaliza chai yake, maana kuacha chai ya mtu kwake ni utovu wa adabu. Akamshukuru mpwa wake kwa kuhangaika. Kisha akawaambia wajumbe, kwa mara ya kwanza, habari za mumewe: kwamba wakipitisha sheria hiyo nusu, yeye ndiye wa kwanza kufaidika katika chumba kile, na kwamba ndiyo sababu anawaomba wasiipitishe. Nilikuwa nimeshika kalamu na sikuandika neno. Mjumbe mmoja alianza kukohoa na hakujua aishie wapi. Wa Kofia alifunga faili taratibu, akasema basi tusubiri, na sauti yake haikuwa ya ushindi.

Tulisubiri. Muswada ulilala. Miezi ikapita, na kila mwezi uliopita ulikuwa mwezi mmoja kwenye kalenda ya ukutani kwake na mwezi mmoja kwenye kiti cha Fundi. Ofisini tulianza kutembea kama nyumba yenye mgonjwa, tunafunga milango polepole. Yeye akatukemea kwamba hajafiwa na mtu.

Wazo la Wiki ya Salamu alilitoa kwenye kikao cha kawaida cha Jumanne, kati ya ajenda ya choo kinachovuja na ajenda ya likizo. Alituuliza, mtu akikuuliza nyumbani hawajambo, unajibu nini? Tukajibu kwa pamoja: hawajambo. Akauliza, hata kama mtoto ana homa? Hata kama. Hata kama mama yako hajainuka kitandani tangu juzi? Tukaanza kuelewa. Alisema sote tumefundishwa adabu ya kusema hawajambo kwanza, na yaliyo moyoni yaje baadaye, na kwa waheshimiwa hiyo baadaye haiji. Kwa hiyo kila mwanachama wetu, kila jimbo, ampigie mbunge wake amsalimie vizuri, amuulize habari za kwake, asiombe kitu. Mbunge naye, kwa kuwa ni mtu aliyelelewa, atauliza nyumbani hawajambo. Hapo, kwa wiki moja tu, watu wajibu ukweli.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko mnavyodhani, kwa sababu ulimi umezoea. Kinyozi kiongozi wa tawi letu la mashariki alisalimiana na mbunge wake kwa raha mpaka salio likakata, na hakugusa habari ya mkewe anayeumwa. Alipiga tena, akasema hawajambo kabla hajafikiri. Mara ya tatu alimpa simu mkewe. Mwalimu mmoja mstaafu alifanikiwa kujibu kwamba mumewe hajambo ila haoni tena. Wauza mitumba, mafundi baiskeli, mpishi wa shule, mzee mchonga mihuri, wote walipiga. Hakuna aliyetukana wala kulaumu. Katikati ya wiki wabunge walianza kupigiana simu wenyewe kwa wenyewe. Mmoja alimlalamikia Shangazi kwamba sasa anaogopa kusalimia watu. Shangazi akamuuliza, na kwako hawajambo, mpwa? Yule mtu akaanza kumsimulia habari za dada yake.

Muswada ulirudi bungeni ukiwa mzima, vifungu vyote. Siku ya mjadala tulikaa kwenye roshani ya wageni. Wa Kofia alisimama na karatasi zake, akasoma mistari michache, akaziweka chini. Alilieleza Bunge kwamba kwa miaka mingi, kila asubuhi akiingia kwenye gari, humuuliza dereva wake nyumbani hawajambo, na dereva hujibu hawajambo, na safari huanza. Wiki ile dereva alijibu kwamba binti yake ana ugonjwa wa moyo, na ameacha kumpeleka kliniki tangu mwaka jana. Mheshimiwa alisema hakujua hata kama dereva wake ana binti. Alisema alikuwa akiuliza bila kungoja jibu, na anadhani Bunge zima limekuwa likifanya vivyo hivyo. Akakaa. Mimi nina maneno mengi, lakini sina la kuongeza kwenye hotuba hiyo.

Kura zilitosha na zikabaki. Kwenye roshani ni marufuku kupiga makofi, na kinyozi wetu alitolewa nje kwa kosa hilo, huku akiendelea kupiga mpaka mlangoni. Shangazi hakupiga. Alikaa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, machozi yanamtoka bila sauti na bila kuyafuta, na nilipompa leso yangu aliitazama kwanza kama ni safi. Asubuhi iliyofuata alikuwa mezani kwake kabla yetu sote. Alianza kupiga simu za salamu, na alianza na wale waliopiga kura ya hapana. Alisema hao ndio watakaokuwa wapweke siku hiyo.

Sheria ilianza kutumika mwanzoni mwa mwezi huu. Binti wa dereva ameshaonwa na daktari wa moyo. Mpiga vanishi wa karakanani amepigwa picha ya kifua na kuanzishiwa dawa, na ninaambiwa anajidai sana kwa kukoroma kidogo kuliko zamani. Ziko kasoro, ziko kliniki ambazo hazijapata vifaa, na kazi hiyo sisi tunaobaki tutaifanya. Dada anayechukua nafasi ya Shangazi ameshaanza, na juzi mhasibu amemwandikia barua ya kwanza kuhusu muda anaoutumia kwenye simu. Tuna matumaini naye makubwa.

Kwa niaba ya Bodi, Mkurugenzi, wafanyakazi na matawi yote, tunatoa shukrani. Tunamshukuru Fundi, kwa meza na kwa jibu alilotoa kwenye simu akiwa ameogopa. Tunamshukuru binti yao, aliyebeba zamu za kliniki mama yake alipokuwa kwetu. Tunawashukuru waliopiga simu na kusema kweli kwa watu waliozoea kuambiwa hawajambo. Na wewe Shangazi tunakushukuru kwa miaka yako, ambayo ungeweza kuwapa watu wengine na ukatupa sisi. Umetugombeza kwa haki. Umetuuliza habari zetu na ukangoja jibu. Wengine wetu hatukuwa na mtu mwingine wa kutuuliza, na mmoja wao ndiye anayeandika hapa, basi niruhusu niseme kwamba nitakukosa sana, na kabati lile la mafaili nitaliondoa.

Nenda ukapumzike, mama. Mungu akupe afya na asubuhi zisizo na haraka. Leo jioni unarudisha funguo na kitambulisho, na bima ya ofisi inakufa nayo. Kesho ni Ijumaa. Fundi ataamka mapema kama kawaida, utamshika mkono mpaka kliniki, na wakati wewe huna kazi na yeye hana mwajiri, mhudumu atamwita kwa jina lake, naye atakaa kwenye kiti chake.